Njia Nyingi za Kupanda Jiwe Moja

Mara ya kumi na moja nilianguka pale pale. Kuanguka labda si neno lenyewe, kwa sababu kamba ilikuwa imefungwa juu na mwenzangu alikuwa ameishika chini. Nilichofanya ni kuachia mwamba na kubaki nikining'inia, uso umeelekea jiwe, mikono imekufa ganzi. Ilikuwa Jumamosi, kule kwenye magenge ya miamba ya Naivasha, na jua lilikuwa limeshaufikia ule upande wetu.

"Nikushushe?" mwenzangu akauliza kutoka chini.

"Nishushe."

Yeye ni dereva wa lori la viazi, mtu mnene mwenye subira, na kwa miaka mitano tulikuwa tumeshikiana kamba bila kugombana hata mara moja. Nilipofika chini alinipa chupa ya maji, akaketi kwenye kifurushi cha kamba. Nilijua anachofikiria. Tulikuwa tumekuja pale miaka miwili mfululizo, kila tulipopata nafasi, na kila mara nilikuwa nimeshindwa mahali pamoja.

Njia yenyewe si ngumu kwa wanaojua. Unapanda ukifuata ufa ulionyooka, mpana wa kuingiza ngumi, mpaka urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Hapo mwamba unatoa tumbo kama la mtu aliyeshiba, na ufa unapotelea chini ya hilo tumbo. Juu, upande wa kulia, kuna kishimo cha kushika, kizuri, cha ukubwa wa kikombe cha chai. Kila nilipofika hapo mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kile kikombe. Nilijivuta, nikajivuta tena, mguu wa kulia ukiparuza jiwe, mpaka bega likakataa.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilianza kupanda miamba nikiwa na thelathini na sita, umri ambao wanawake wa kwetu huanza kuulizwa habari za magoti. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamepanga matembezi, tukapelekwa Naivasha kutazama twiga na magenge. Wenzangu wakatandika leso chini ya kivuli wakaanza kugawa chapati. Mimi nikasimama kuwatazama watu waliokuwa wakipanda, na mmoja wao, huyo huyo dereva wa viazi, akaniambia, "Mathe, unataka kujaribu?" Nikajaribu nikiwa na sketi juu ya suruali ya kuazima. Nilipanda hatua sita. Usiku huo mikono ilinitetemeka hata nikamwaga mchuzi, na nilijua kwamba nitarudi.

Kazi yangu ni kushona magunia kwenye kiwanda kimoja hapa Nakuru. Babu yangu alikuja huku kutoka magharibi pamoja na reli, baba naye akafanya kazi ya reli mpaka walipomwambia aende nyumbani, na mimi na mama bado tunaishi kwenye zile landhi za mawe, nyumba za wafanyakazi wa reli. Kiwandani ninasimama. Gunia linakuja kutoka kushoto, nalipokea kwa mkono wa kushoto, nalivuta kwa wa kulia chini ya sindano, nakanyaga pedali kwa mguu wa kulia, nalisukuma, nageuka kwa lingine. Ndivyo imekuwa kwa miaka kumi na saba. Ukiniamsha usingizini ukanipa gunia, nadhani nitalishona.

Baada ya ile mara ya kumi na moja niliamua kwamba tatizo ni nguvu. Nilimwomba fundi wa bomba anifungie kipande cha chuma juu ya mlango wa jikoni, nikaanza kujivuta kila jioni nikitoka kazini. Mama alikuwa akichambua maharagwe mezani, akinitazama.

"Unajitundika mlangoni kama popo," alisema siku moja. "Popo naye hujitundika akipumzika. Wewe hupumziki."

Wiki ya tano bega la kulia lilishindwa kuinua kitana kufika kichwani. Mama ndiye aliyenisuka mwezi huo wote, akivuta nywele kidogo kuliko kawaida yake. Kazini nilimeza dawa za maumivu na kuendelea kuvuta magunia. Naivasha sikwenda. Dereva alinipigia simu mara mbili tatu, nikamwambia bega bado, akasema sawa, siste, pole. Kusema kweli nilikuwa naona afadhali. Kuna uchovu unaofanya hata kitu unachokipenda kionekane kama zamu nyingine.

Mwezi wa tatu wa kupumzika dereva alikuja nyumbani na shangazi yake. Shangazi alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwalimu mstaafu wa michezo kutoka Kuresoi. Alikuwa amekuja mjini kupimwa kifua. Walikunywa chai, wakaulizana na mama habari za mvua na viazi, halafu akageuka kwangu.

"Huyu ameniambia unapanda mawe," akasema. "Mimi nilipanda kidogo zamani. Siku bega likipoa nataka nikuone."

Nilidhani ni adabu ya mgeni tu. Lakini bega lilipopoa alikuja kweli, tukaenda watu watatu kwenye lile genge. Alikaa juu ya gazeti akanitazama nikipanda. Nilifika kwenye tumbo. Mkono ukaenda kwenye kikombe. Nikavuta, nikachoka, nikaachia.

"Hii ni mara ya ngapi?" akaniuliza nilipofika chini.

"Ya kumi na mbili, Mwalimu."

"Hapana. Umepanda mara moja tu. Hizo zingine umerudia." Hakusema kwa ukali. Alikuwa akitafuta kiatu chake kwenye majani. "Na mguu wa kushoto unaubeba tu, kama mtoto mgonjwa. Haujafanya kazi yoyote tangu ulipotoka chini."

Kusema kweli niliudhika. Nilikuwa nimetoka zamu ya juma zima.

Alikataa kabisa nirudi kwenye genge lile. Alisema tutakutana karibu na Gilgil, kwenye jiwe lililo nyuma ya shamba la rafiki yake waliyefundisha pamoja. Jiwe lenyewe halikuwa na cha kujivunia. Lilikuwa jeusi, limelala kwenye majani kama ng'ombe, urefu wake kidogo kuliko paa la nyumba, na chini yake kulikuwa na mchanga laini. Hatukuhitaji kamba. Mbuzi walikuwa wakilipanda kwa upande wa nyuma bila shida.

Jumamosi ya kwanza alinionyesha sehemu moja ya lile jiwe, pana kama mlango wa duka, akasema niipande. Nikaipanda mara moja, rahisi. Akasema niipande tena, lakini nianze kwa mkono wa kushoto. Halafu tena, mikono ikiwa imenyooka wakati wote, nisikunje kiwiko. Halafu nimegeuza nyonga, ubavu umegusa jiwe, kwanza ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu bila kushika kitu chochote kilicho juu ya kifua changu. Halafu nishuke kwa njia niliyopandia, nikitazama miguu. Halafu nipande bila kiatu kutoa sauti. Kila kiatu kilipokwaruza alisema "nimesikia" nikaanza upya.

Niliishia kukaa mchangani nikihema. Nilikuwa nimeanguka mara nyingi kwenye jiwe ambalo mbuzi walikuwa wakilala juu yake.

Tuliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilitoka kiwandani saa sita, nikapanda gari hadi Gilgil, nikatembea kupita mashamba, nikamkuta Mwalimu ameshafika na chupa yake ya chai. Dereva alikuja siku ambazo hakuwa na mzigo, naye akafanyishwa yale yale. Alipoambiwa apande polepole sana, kila hatua ichukue pumzi nne, alitoka jasho mpaka shati likabadilika rangi.

Jambo lililonikatisha tamaa ni kwamba nilikuwa nikizidi kuwa mbaya. Zamani, chochote nilichokijua nilikifanya bila kufikiri. Sasa nikifika mahali pa kukanyaga nilisita, nisijue ni mguu upi, nyonga igeuke wapi. Mwalimu hakuruhusu nirudie zoezi moja hadi linyooke. Nikianza tu kulizoea alilibadilisha, akanipeleka upande mwingine wa jiwe, au akaniambia nifumbe macho.

Wiki ya saba au ya nane niligoma. Kiwandani mwenzangu wa mashine ya pili alikuwa hajafika siku tatu, nilikuwa nimeshona sehemu yangu na yake. Miguu ilikuwa imevimba kwenye viatu. Mwalimu aliniambia nipande kwa mkono mmoja, wa kushoto, wa kulia niuweke mgongoni.

"Sipandi," nikasema.

"Bega?"

"Si bega. Nimechoka, Mwalimu. Nimesimama tangu Jumatatu. Nilikuja kwako ili nipite pale juu Naivasha, na hapa unanichezesha michezo ya watoto. Nilikuwa najua kupanda, sasa hata hiyo kidogo umeniharibia."

Dereva akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mwalimu alinisogelea. Alikunja mkono wa sweta lake akaunyoosha mkono wa kulia mbele yangu. Kifundo kilikuwa kimepinda, na alipojaribu kukunja ngumi, vidole viwili vilibaki vimesimama.

"Nilianguka kutoka juu ya tangi la maji la shule," akasema. "Nilikuwa mwalimu mpya. Mfupa ulifungwa vibaya. Tangu hapo mkono huu hauwezi kuvuta kitu. Hata ndoo ya maji, nabeba na wa kushoto."

"Na ulipanda hivyo hivyo?"

"Nilipanda kwa miguu, na kwa kusukuma badala ya kuvuta. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile, kwa sababu ile njia moja ambayo kila mtu anatumia, mimi sikuwa nayo." Akaushusha mkono wa sweta. "Usifikiri nilikuwa mwerevu, mama. Sikuwa na la kufanya. Na kuchoka, hata mimi nimechoka. Nimeamka saa kumi kukamua, na hiki kifua kinapiga filimbi. Kama unataka kwenda nyumbani, twende."

Akavua kiatu, akamwaga mchanga, akakivaa tena. Kisha akainuka akalipanda lile jiwe mwenyewe, na sketi yake na sweta, polepole. Aligeuza nyonga, akaweka ukingo wa kiatu mahali ambapo mimi sikuwa nimeona kitu, akasimama. Mkono wa kulia aliubandika tu kwenye jiwe, kiganja kikiwa kimelala, akajisukuma nao kama mtu anayeinuka kutoka mezani. Sikusikia kiatu. Juu alikaa kidogo akikohoa.

Sikwenda nyumbani. Nilipanda kwa mkono mmoja, nikaanguka, nikapanda. Sikuwa nimekubaliana na chochote. Niliona aibu tu kuondoka kabla yake.

Mabadiliko ya kwanza sikuyaona kwenye jiwe bali kazini. Siku moja nilijikuta nimekanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, uzito wote umehamia upande ule, na mgongo ukiwa hauumi. Nilikuwa sikumbuki nimebadilisha lini. Baada ya hapo nikawa nafanya makusudi: saa moja mguu huu, saa nyingine ule, mara navuta gunia kwa mkono, mara nageuza kiuno na kuliacha lije lenyewe. Msimamizi wetu alisimama nyuma yangu akitazama.

"Mathe, ni kazi au ni dansi?"

"Magunia yanatoka, boss?"

Akatazama rundo. "Yanatoka."

"Basi."

Mvua za masika zilipoanza, Mwalimu aliacha kuja. Barabara za Kuresoi zilikuwa matope matupu na daktari alimwambia akae mbali na baridi. Nilitarajia kwamba mimi na dereva tungeacha pia, lakini tuliendelea, kwa kuchelewa na kwa kulalamika. Tulitunga masharti yetu. Leo kila mtu achague mahali pa kukanyaga pa mwenzake. Leo tupande jiwe likiwa limelowa. Leo usitumie kishikio chochote ulichotumia jana. Kuna Jumamosi tulizofanya nusu saa tu, tukaketi chini ya mti wa mwenye shamba tukisikiliza mvua, dereva akasinzia hapo hapo. Alikuwa anaendesha lori kutoka Molo hadi Nairobi usiku tatu kwa wiki. Mimi nilimwacha asinzie.

Mwisho wa mvua ndipo tuliporudi Naivasha. Hatukupanga kwa shangwe yoyote. Alikuwa amepata Jumamosi bila mzigo, mimi nilikuwa na zamu fupi ya asubuhi ambayo mwenzangu wa kiwandani alikubali kunishikia, tukaenda. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Genge lilikuwa na michirizi myeusi, na nilipokuwa navaa mshipi kiunoni nilijua kwamba sikulala vya kutosha.

Ufa ulikuwa kavu. Nilipanda polepole, nikiweka kila kiatu mahali pake, nikapumzika katikati kwa mikono iliyonyooka, jambo ambalo zamani nisingelifikiria. Nilipofika chini ya tumbo nikatazama juu kulia. Kile kikombe kilikuwa kimejaa maji. Yalikuwa yakichuruzika kutoka humo taratibu, yakipita kwenye mkono wa sweta langu. Hata hivyo mkono wa kulia ulitaka kwenda. Niliuona ukiinuka. Nilitia vidole ndani, vikateleza, nikaurudisha mkono.

"Uko sawa, siste?" dereva akaita.

"Niko. Ngoja."

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama. Miguu haikutetemeka, na hilo lilinishangaza. Nikatazama upande wa kushoto, upande ambao kwa miaka miwili ulikuwa ukuta tu machoni mwangu. Kulikuwa na ukingo mwembamba usawa wa goti, si zaidi ya upana wa kidole. Niligeuza nyonga ya kulia ikagusa mwamba. Nikainua mguu wa kushoto, nikauweka pale, nikauamini kidogo kidogo. Mkono wa kushoto ulipapasa pembeni mwa tumbo ukapata mahali pa kubana. Wa kulia sikuwa na cha kuushikisha, kwa hiyo niliulaza kiganja kwenye jiwe usawa wa kiuno nikasukuma. Nikasimama juu ya mguu wa kushoto. Tumbo la mwamba likapita mbele ya kifua changu, likawa chini.

Hakuna nguvu yoyote iliyotumika. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita miaka miwili, na ilikuwa kama kupanda kwenye ngazi ya nyumba ya mtu.

Juu ya hapo sikuwa najua kitu. Sikuwahi kufika. Mwamba ulilala kidogo, wenye mashimo madogo kila mahali, na mtu yeyote angeupanda. Lakini uchovu ulinijia wote kwa pamoja, wa wiki ile na, nadhani, wa miaka mingine kabla yake. Niliegemeza paji la uso kwenye jiwe. Machozi yalinitoka kidogo bila sababu ninayoweza kuitaja. Dereva alikuwa chini, hakunikimbiza. Alishika kamba tu, akaichukua taratibu nilipoanza kusogea tena. Nilipofika juu nikagusa mnyororo uliofungiwa kamba, baridi na wenye kutu, nikamwambia anishushe.

Chini hatukushangilia. Alinipiga bega mara moja, lile zima, akasema, "Umepita upande wa kushoto."

"Kulikuwa na maji."

"Hata bila maji ungepita huko."

Sijui kama ni kweli. Alijaribu yeye pia, akafika kwenye tumbo, akashindwa, akacheka. Tukakunja kamba.

Nilimpigia Mwalimu simu tukiwa barabarani. Ilichukua muda kabla hajaipokea. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilisikia kuku nyuma yake. Nilimweleza yote, nyonga, ukingo, kiganja. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Na goti la kushoto?" akauliza. "Liliuma ulipolisimamia?"

"Kidogo."

"Litaimarika. Umekula?"

"Bado."

"Kula basi. Nitakuja mvua ikikatika kabisa."

Tulisimama Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara. Tuliagiza mbavu, tukaambiwa zitachukua muda kwa sababu watu walikuwa wengi. Moshi ulikuwa unaingia mpaka kwenye meza. Dereva aliweka mikono juu ya meza, akaweka kichwa juu ya mikono, akasema nimwamshe nyama ikifika, maana saa tisa za usiku alitakiwa awe Molo akipakia. Kabla sijajibu alikuwa ameshalala. Nilivua viatu chini ya meza. Mapaja yaliniuma, yote mawili sawasawa. Mama mhudumu alileta kachumbari na chumvi, akamtazama yule mtu aliyelala, akanitazama mimi na chaki ya kukausha mikono iliyoganda kwenye kucha.

"Mmetoka mbali?" akauliza.

"Hapa Naivasha tu," nikamwambia, nikasogeza sahani ili dereva asiimwage akigeuka usingizini.